Daktari mtarajiwa, utathubutu kumuuliza bosi?

Wewe wa Kericho mjini, Litein au Bomet unayeota kuvaa koti jeupe, hebu jibu hili: siku utakapomwona daktari mkubwa akikaribia kukosea, utafungua mdomo?

Anza na jambo dogo kama jina. Wakipsigis wengi hupewa jina kulingana na wakati waliozaliwa. Chepkoech alizaliwa alfajiri, Chepkemoi usiku, Kiprono jioni mbuzi wakirudi nyumbani. Basi ingia wodi ya huku kwetu uite "Chepkoech!" Huenda wakaitika watatu. Ndiyo maana usalama wa mgonjwa huanza hapo: mwache mgonjwa ataje majina yake yote mwenyewe, kisha uyalinganishe na tarehe ya kuzaliwa au nambari ya faili. Nambari ya kitanda haihesabiki, maana wagonjwa huhamishwa.

Wakenya tuliona bei ya kosa hilo mwaka wa 2018, wagonjwa wawili walipochanganywa katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi. Mmoja alihitaji kupasuliwa kichwa ili aondolewe damu iliyoganda. Mwingine alikuwa na uvimbe usiohitaji kisu, na ndiye aliyepasuliwa. Kosa liligunduliwa saa kadhaa baadaye, damu iliyotafutwa ilipokosekana. Miongoni mwa waliosimamishwa kazi kwanza walikuwa wauguzi, mtaalamu wa dawa ya usingizi, na daktari aliyekuwa bado akisomea upasuaji wa ubongo. Yaani mgonjwa alipitia mikono mingi, na mmojawapo ulikuwa wa mwanafunzi.

Somo linabadilisha nini?

Mwaka wa 2009 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wa kufundisha usalama wa wagonjwa katika vyuo vya udaktari. Unafunza kwamba makosa mengi hutokana na mfumo: uchovu, majina yanayofanana, chupa za dawa zinazofanana.

Je, mtazamo hubadilika? Ndiyo, lakini subiri. Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, kiliwafundisha wanafunzi wa mwaka wa pili wa udaktari, kikawafuatilia mwaka mmoja baadaye. Kwenye matokeo yaliyochapishwa 2006, baadhi ya mabadiliko yalidumu, mengine yakafifia. Asilimia 76 walisema wameshuhudia kosa. Kati yao, asilimia 71 walimwambia mwanafunzi mwenzao, asilimia 46 wakamwambia mhadhiri, na asilimia 7 pekee wakaripoti kwenye mfumo rasmi. Kosa lilipigiwa stori na mabeste, likaishia hapo.

Tusiwacheke. Sisi pia tumelelewa kwamba mdogo hamkosoi mkubwa mbele ya watu. Ukitarajia ujasiri pekee uvunje mazoea hayo, utangoja sana. Unahitaji utaratibu unaokupa zamu ya kusema.

Upo. Tangu 2008 WHO ina orodha ya ukaguzi wa upasuaji yenye vipengele 19. Timu husimama mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla ya mgonjwa kutoka. Kila mmoja hutaja jina na kazi yake, hata aliye mdogo kabisa. Ilipojaribiwa katika hospitali nane, mojawapo ikiwa ya Ifakara, Tanzania, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Anza sasa

Iwe utasomea Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret au utapelekwa Tenwek, Bomet, kama daktari mwanagenzi, jizoeze sentensi hii mapema: "Samahani daktari, tunaweza kuhakikisha jina na nambari ya faili kabla hatujaendelea?" Ina heshima, na inatosha kusimamisha kisu.

Na ukiwa mgonjwa, ukiulizwa jina mara ya tatu, usinune. Majani chai yetu hukaguliwa na kupimwa kituoni, mkulima akiangalia, kabla ya kupanda lori. Mama yako akiingia chumba cha upasuaji, asikaguliwe chini ya hapo.