Ua dume lisilozaa

Wandugu, ninyi munaolima muhindi kandokando ya Likasi na Kolwezi, munajua kwamba kila shina la muhindi lina maua ya namna mbili. Ua dume liko juu kichwani, nalo linatoa unga wa manjano. Ua jike ni zile ndevu za gunzi. Unga usipofika kwenye uzi mmoja wa ndevu, punje moja inakosekana, na gunzi linakuwa na pengo.

Basi kuna mimea ambayo ua dume lake ni tasa. Linatokea vizuri, lakini unga wake ni bure. Si uchawi, wala si udongo mbaya.

Angalieni kwanza munkoyo. Mama anapika uji mzito wa muhindi, unapoa kidogo, anatia mizizi iliyopondwa. Kesho yake uji ni mwepesi, tena una utamu. Ndani ya mizizi mna kitu kinachoyeyusha uji, jina lake enzimu. Akiitia wakati uji ungali unachemka, enzimu inakufa na uji unabaki mzito. Enzimu ina saa yake.

Ua nalo lina enzimu. Chembe changa za unga zinakaa nne nne, zimefungwa ndani ya ukuta wa kalosi. Saa ikifika, enzimu iitwayo kalasi inauyeyusha ukuta, chembe zinatoka. Mwaka 1971 Izhar na Frankel walieleza habari za petunia, ua linalopandwa kwa kupamba nyumba. Katika petunia tasa saa ile imeharibika: kwa nyingine kalasi inaanza mapema mno, kwa nyingine inachelewa. Chembe zinakufa. Lakini upande wa jike ni mzima. Ukiletewa unga wa jirani, unazaa.

Hapo wauza mbegu wakaona faida. Kuchanganya namna mbili za muhindi kunataka kukata maua dume ya namna moja kwa mikono, shina kwa shina, chini ya jua. Muhindi tasa haukatwi.

Utasa wa muhindi wa Texas si wa kalasi. Kasoro yake imo katika mitokondria, vitu vidogo sana vinavyoupa mmea nguvu, navyo mtoto huvipata kwa mama. Kasoro hiyo inaua unga. Hiyo hiyo inafungulia mlango sumu ya kuvu moja ya majani. Mwaka 1970 karibu sehemu 8 katika 10 za muhindi wa Marekani zilikuwa za ukoo huo. Kuvu ikaingia, mavuno yakapungua kama 15 kwa 100. Baada ya hapo wakuza mbegu wa kule wakarudia kukata maua dume kwa mikono.