Je, Wajua? Parafini "haina undugu"

Ukimtuma mtoto dukani Kibera au Kawangware na chupa ya soda akuletee mafuta ya taa, muuzaji akimimina huenda akayaita parafini. Jina hilo alilibuni mkemia Mjerumani, Carl Reichenbach, mwaka 1830, kwa maneno mawili ya Kilatini: parum, yaani kidogo, na affinis, mwenye uhusiano. Alikuwa amepata nta nyeupe iliyokataa kuungana na kemikali nyingi, kana kwamba haina ndugu. Baadaye Waingereza wakayapa mafuta yenyewe jina hilo. Kerosini je? Ni neno la Abraham Gesner wa Kanada, 1854, kutokana na nta kwa Kigiriki. Ajabu, huyo asiye na ndugu hachelewi kushika moto wa koroboi!