Modemu Inapokwenda Polepole

Chama cha ushirika cha kijiji kina kompyuta moja. Kompyuta hiyo huendeshwa na Linux. Mfumo huu ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki, nchini Finland. Mtu yeyote anaweza kuutumia bila kuulipia. Kwa hiyo unafaa sana kwa vyama vyenye fedha kidogo.

Kompyuta hii hupata intaneti kwa modemu. Modemu ni kifaa kidogo, hakizidi kidole kirefu. Ndani yake mna laini ya simu. Huchomekwa katika tundu la kompyuta liitwalo USB.

Tuseme leo karani anapeleka orodha ya kahawa mjini. Orodha isipofika kabla ya jioni, wakulima hawatalipwa wiki hii. Wakulima wamekaa barazani wanangoja. Karani naye anangoja. Kiduara kinazunguka tu kwenye kioo.

"Vipi mwanangu, bado?" anauliza mzee mmoja.

"Bado, Mzee. Mtandao unasuasua."

"Basi nunua bando jingine."

Karani asikimbilie kununua. Mganga hatoi dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Bando likiwa limekwisha, hapo kweli ununue, maana baadhi ya mabando yakiisha mtandao haukatiki, bali hupunguzwa kasi. Lakini bando likiwapo, tafuta ugonjwa mwingine.

Mara nyingi ugonjwa ni mawimbi ya mnara. Modemu huzungumza na mnara kwa mawimbi, kama redio. Paa la bati, ukuta mnene na kilima huyazuia. Linux inaweza kukuambia hali yake. Fungua dirisha la kuandikia amri, kisha andika:

mmcli -L

Utaona modemu yako na namba yake. Kama namba ni 0, andika:

mmcli -m 0

Yatatokea maneno mengi ya Kiingereza. Usiogope, tafuta mawili tu. Kwenye "signal quality" utaona nguvu ya mawimbi kwa asilimia. Kwenye "access tech" utaona aina ya mtandao. Ukiona "gprs" au "edge", modemu imeshika mtandao wa zamani, wa 2G. Ukiona "umts" au neno linaloanza na "hs", huo ni wa 3G. "Lte" ni wa 4G.

Tofauti yake si ndogo. Tufanye hesabu. Kasi ya mtandao hupimwa kwa biti, lakini ukubwa wa faili hupimwa kwa baiti. Biti 8 ni baiti 1. Faili la megabaiti 5 ni megabiti 40. Mtandao ukipitisha megabiti 1 kwa sekunde, faili litachukua sekunde 40. Ukipitisha sehemu moja ya kumi ya hapo, kama 2G inavyoweza kufanya, litachukua sekunde 400, yaani karibu dakika 7. Wengi huchanganya biti na baiti, kisha hudhani wameibiwa.

Mawimbi yakiwa hafifu, modemu huangukia 2G yenyewe. Nunua waya wa kurefusha USB. Usizidi meta 5. Chomeka modemu mwisho wa waya, uiweke dirishani upande wa mnara. Usiitoe nje kwenye mvua. Andika tena amri ile uone kama asilimia imepanda. Jaribu madirisha yote, kwani hatua mbili tu huweza kubadili mambo.

Huenda mawimbi ni mazuri, lakini kasi bado ni ndogo. Hapo andika:

lsusb -t

Kwenye mstari wa modemu, tazama mwisho wake. "480M" ni njia pana. "12M" ni njia nyembamba. Pengine tundu ni la zamani au waya ni mbovu. Badili tundu. Tazama pia neno "Driver", yaani programu inayoiongoza modemu. Ukikuta "usbserial_generic", hiyo ni ya kubahatisha. Ilitengenezwa kwa majaribio, na huipunguzia modemu kasi. Linux mpya zaidi hutambua modemu nyingi kwa programu inayozifaa. Kazi ya kuweka Linux mpya mwachie fundi, na nakala za hesabu za chama zitolewe kwanza.

Kuna mwizi mwingine, naye yumo ndani ya nyumba. Kompyuta yenyewe huweza kuwa inapakua marekebisho yake bila kumwambia mtu. Ubuntu, aina moja ya Linux, hufanya hivyo. Katika mipangilio ya mtandao, iambie kuwa intaneti hii hulipiwa kwa kipimo. Neno lake la Kiingereza ni "metered". Marekebisho hayo yatangoja. Funga pia kurasa za video.

Na ikiwa kila kitu ni kizima, lakini kila jioni kasi hushuka, basi watu wengi wanatumia mnara mmoja kwa wakati mmoja. Hapo hakuna amri ya kusaidia. Peleka kazi alfajiri.

Karani wetu alikuta "edge" na asilimia 20. Aliirefusha modemu kwa waya wa meta 3 hadi dirishani. Neno likageuka kuwa "umts", na orodha ikaenda.

"Na lile bando?" akauliza Mzee.

"Lipo, Mzee. Halijaguswa hata nusu."