Doa jeusi kwenye unyayo: Usilikate kwa wembe

Miguu yako unaiosha mara kadhaa kwa siku, lakini ni lini mara ya mwisho ulipoutazama unyayo? Wengi wetu tunapotawadha tunapitisha mkono juu ya mguu na katikati ya vidole, maji yakifika kwenye vifundo tumemaliza. Kwa mtu mweusi, huko chini, pamoja na viganjani na chini ya kucha, ndiko hasa hujitokeza saratani ya ngozi iitwayo melanoma.

Melanoma huanzia kwenye chembe hai zinazoipa ngozi rangi yake. Kwa Wazungu jua huchangia sana kuileta. Hii ya unyayo haisababishwi na jua, hivyo mtu asijidanganye kwamba weusi wake unamkinga. (Ndugu zetu wenye ualbino jua huwaletea zaidi saratani za ngozi za aina nyingine, nao wanastahili makala yao.) Mwaka 1977 mwanamuziki wa Jamaika, Bob Marley, alikutwa nayo kwenye kidole gumba cha mguu, chini ya ukucha, mahali palipodhaniwa kuwa ni jeraha la mpira. Alifariki Mei 11, 1981 akiwa na miaka 36.

Si kila doa ni la kuogopwa. Karibu kila mtu ana vidoa vyeusi mwilini. Vipo visivyo vya kawaida: vikubwa, kingo zake hazieleweki, rangi zimechanganyika. Mwenye vingi vya namna hiyo yuko kwenye hatari zaidi, hasa kama katika ukoo kuna aliyewahi kuugua melanoma, ingawa vingi havigeuki kuwa saratani. La kuangalia zaidi ni mabadiliko. Doa linakua na kuzidi milimita 6, yaani upana wa kifutio cha penseli. Upande mmoja haufanani na mwingine. Linawasha, linatoa damu. Kwenye kucha, mistari ya kahawia ni kawaida kwa watu weusi. Mstari mmoja unaopanuka na kupaka weusi kwenye ngozi ya pembeni si wa kawaida.

Tatizo huku Muleba na Bukoba ni kwamba mtu akishinda pekupeku kwenye kibanja cha migomba, kila kitu cha unyayoni ni mwiba, funza au sugu. Atachokoa kwa pini, atakata kwa wembe, atabandika majani, na miezi inapita. Halafu inatokea mitoki kinenani. Kwa kuwa mitoki huja pia na kidonda cha kawaida, haimshtui, kumbe saratani imeshaanza kusambaa.

Kidonda cha mwiba hupona. Kisichopona kwa mwezi mmoja, au doa linalobadilika, lipeleke Rubya, Ndolage au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bukoba. Eleza lilianza lini. Ukipewa dawa ya fangasi kwa mara ya pili bila nafuu, uliza kama kinyama kidogo kinaweza kukatwa kikapimwe maabara. Ikithibitika ni saratani, matibabu yapo Bugando, Mwanza, na Ocean Road, Dar es Salaam. Ikiwahiwa ingali nyembamba, kuikata pamoja na ngozi inayoizunguka mara nyingi hutosha. Ikichelewa, hata kukatwa mguu kunaweza kusimwokoe mgonjwa.

Mzee asiyeweza kuinama, mjukuu amtazamie unyayo mchana kwenye mwanga, baada ya kuusugua udongo ukatoka.