Mbegu ya Kunde Isipotee

Mvua zikiisha kukatika hapa Tabora mwezi wa Mei, maganda ya kunde hukauka, nayo yakiguswa hulia. Wakati huo ndio wa kufikiri habari ya mbegu. Lakini wengi wetu hatuifikiri mpaka siku ya kupanda, ndipo twafunua mtungi na kukuta unga na matundu.

Kunde si mgeni kwetu. Mahindi, mihogo na karanga asili yake ni Amerika, na miembe tuionayo kando ya njia ya misafara, toka Bagamoyo hata Ujiji, asili yake ni Bara Hindi. Bali kunde na njugu mawe ni mazao ya Afrika tangu kale. Bwana Burton na Bwana Speke walifika Kazeh, yaani Tabora ya zamani, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya kusafiri zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Wapagazi wa Kinyamwezi waliochukua pembe katika njia ile walishika sana majira: wengi walishuka pwani wakati wa kiangazi, wakajitahidi kurudi mvua zisijaanza, wapate kulima. Reli ilifika Tabora mwaka wa 1912, na mizigo ikaondoka mabegani mwa watu. Majira ya mvua hayakubadilika.

Nayo majira hayo ndiyo yanayoleta taabu. Mahindi hupandwa mvua za kwanza zikinyesha. Kunde yafaa zingoje Januari au Februari, ili maganda yakauke mvua zikiisha, yasioze shambani. Basi mbegu ya kunde hukaa nyumbani miezi saba au minane, na miezi ya mwisho ndiyo ya njaa, vyakula vya mwaka uliopita vikiwa vimekwisha. Mama wa nyumba anazo kunde zile, tena watoto wanalia. Hatuwezi kumlaumu mtu aliyezipika. Lakini shamba la ekari moja lataka kilo 8 hadi 10, na anayekwenda kununua sokoni wakati huo huuziwa kunde za kula, zilizochanganywa aina mbalimbali, wala hajui zimekaa ghalani miaka mingapi. Kwa hiyo twaona ni heri baba na mama wapatane mapema, siku ya mavuno, kiasi cha kuwekwa mbali na jiko.

Kazi yenyewe huanza shambani. Ua la kunde kwa kawaida hujizalisha lenyewe kabla halijafunguka vema, na kwa sababu hiyo mbegu hufanana na mama yake. Chagua, basi, miche yenye nguvu na maganda mengi, uitie alama ya kamba. Mche wenye majani ya mabaka-mabaka au yaliyojikunja ung'oe, maana ugonjwa huo waweza kuingia ndani ya mbegu. Tena miche ya alama isichumwe majani. Twajua hili ni gumu kwetu tunaopenda nsansa! Lakini mche ulionyang'anywa majani kila juma hauna nguvu ya kujaza maganda. Nsansa ichumwe upande mwingine wa shamba.

Maganda yakikauka, usiyaache, kwa kuwa fukusi hutaga mayai juu yake yangali shambani. Yai ni kidoa cheupe kilichoganda juu ya ngozi. Buu hutoboa moja kwa moja mpaka ndani, akala kwa siri, na baada ya muda wa kama mwezi mmoja hutoka fukusi mzima, akiacha tundu la mviringo. Jike huyo hutaga tena palepale. Hivyo wachache wa Juni huwa jeshi la Oktoba.

Pura, pepeta, anika mpaka kunde ikiumwa ivunjike kwa mlio. Kisha chekecha majivu ya kuni yaliyopoa kabisa. Kwa vibaba vinne vya kunde tia vibaba vitatu vya majivu, uchanganye, ushindilie katika mtungi au lindo la gome, na juu uweke majivu matupu, unene wa vidole viwili. Majivu huziba nafasi baina ya kunde, fukusi asipate kutembea wala kumfikia mwenzake. Wengine husema ni ushamba. Sisi twayapenda, maana yakioshwa kunde zaliwa bila hatari. Mbegu iliyotiwa dawa ya dukani isipikwe hata kidogo, hata njaa ikiwa kali.

Mwezi wa Desemba toa mbegu 20, uzifunge katika kitambaa chenye maji, ukinyunyizie kila siku. Siku ya tano hesabu. Zikiota 16 au zaidi, panda mbili-mbili kila shimo. Zikiota 10, panda nne-nne. Zikipungua hapo, zipike, ukamwendee jirani aliyehifadhi vizuri kuomba mbegu, ungali na wiki chache kabla ya kupanda.