Maji Yaliyojificha Ndani ya Kuni (Sehemu ya Pili): Kipima Unyevu na Mipaka ya Ushahidi Wake

Katika sehemu iliyotangulia tulieleza jinsi mti unavyoyahifadhi maji ndani ya nyuzi zake, na leo ni zamu ya chombo kinachoyapima. Mkulima wa korosho, awe wa Nachingwea au wa Ruangwa, si mgeni wa chombo cha aina hiyo, kwa kuwa kila msimu wa korosho na wa ufuta hukiona mkononi mwa mtunza ghala wa chama cha msingi kabla mazao hayajapokewa kwa stakabadhi na kuingia katika minada ya chama kikuu cha ushirika cha RUNALI. Na mwenye korosho mbichi huambiwa, tena bila kuonewa haya, akazianike upya. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, aliyekubali korosho zake zihukumiwe kwa tarakimu, hununua rundo la kuni kwa kulitazama tu.

Kipima unyevu cha kuni kina sindano mbili za chuma na betri ndogo. Mti mkavu huuzuia umeme. Maji yaliyoshikwa na nyuzi huufungulia njia. Na chombo hupima ukubwa wa kizuizi hicho kati ya sindano na sindano, kisha hukigeuza kuwa asilimia. Mwaka 1927 mtaalamu wa Kimarekani, Alfred J. Stamm, alichapisha uchunguzi wake juu ya uhusiano huu, na ilidhihirika kwamba baina ya mti wenye unyevu wa asilimia 7 na ule wenye asilimia 25 kizuizi hupungua zaidi ya mara elfu kumi, ndiyo sababu hata chombo cha bei nafuu hakipati taabu kuutenga ukavu na ubichi. Walakini ukivuka asilimia 30 hivi, nyuzi huwa zimekwisha shiba, na maji yanayozidi hukaa katika uwazi ulio baina yake pasipo kuubadilisha umeme kwa kiasi cha kutegemewa. Kwa hiyo chombo kikikuonyesha 45, usiisadiki tarakimu yenyewe, sadiki tu kwamba kuni ni mbichi.

Namna ya kupima ndiyo iliyowapotosha wengi. Mtu huchoma sindano katika ncha ya gogo, au ubavuni lilikoanikwa juani, akapata 14, akafurahi, ilhali ndani mna 28. Maana ncha na uso wa nje hukauka kwanza, na moyo wa gogo huchelewa kwa miezi. Sharti gogo lipasuliwe kwa shoka wakati ule ule, sindano zizamishwe katikati ya uso mpya, zikifuata mkondo wa nyuzi, na jambo hilo lirudiwe kwa magogo ya juu, ya kati na ya chini ya rundo, kwani muuzaji mwerevu hajapata kuweka kuni mbichi juu. Chombo aghalabu kimesawazishwa kwa miti ya nchi za baridi na kwa joto la nyuzi 20, basi katika jua letu huzidisha kidogo, yapata asilimia moja. Kuni za mikoko zilizolowa maji ya bahari huzidishiwa zaidi, kwa kuwa chumvi hupitisha umeme. Ama mpingo, sindano hazizami humo kwa urahisi. Na anayeuchoma moto mti unaofanyiwa zumari za Ulaya ana hesabu nyingine ya kujibu.

Kiasi kinachotakiwa ni asilimia 20 au pungufu. Uingereza tangu mwaka 2021 sheria imekataza kuuza kuni za mafungu madogo zilizozidi kiasi hicho. Lakini uulize: asilimia ya nini? Kipande cha gramu 1,000 kikikaushwa kabisa kikabaki gramu 800, maji yake ni asilimia 20 ya uzani wa awali, na ni asilimia 25 ya mti mkavu. Kipima unyevu kwa kawaida husoma hesabu hii ya pili.

Wako wanaodhani kwamba maji hula nusu ya moto. Hesabu haisemi hivyo. Mzigo wa kilo 20 wenye maji nusu kwa nusu una kilo 10 za mti, ambazo hutoa megajuli 180 hivi, na kuyageuza maji yake kuwa mvuke hutumia kama megajuli 26, yaani sehemu moja ya saba. Hasara kubwa iko kwingine: mvuke huo huupooza mwako, hewa zinazotoka katika mti zikakosa joto la kuwaka, zikaondoka kuwa moshi na masizi, na anayeyalipa hayo kwa macho na mapafu ni mama aliyeinama mbele ya mafiga, ambaye pia alizibeba kichwani kilo 10 za maji kutoka porini.

Sioni sababu ya mwenye nyumba anayepogoa mikorosho yake mwenyewe kununua chombo. Azichanje kuni mvua zikwishapo, azipange juu ya magogo zipate upepo, achague kipande kimoja akipime kwa mizani kila wiki. Uzani ukikoma kupungua katikati ya kiangazi, kuni zimefika. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unakusudia asilimia 80 ya Watanzania waifikie nishati hiyo, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya mia zimekwisha agizwa kuacha kuni na mkaa; walakini tanuri za matofali na mikate zingali zinanunua kuni kwa lori, na wenye tanuri hizo nawasihi wasimlipe dereva kabla hawajapasua magogo matatu na kuyapima.

(Itaendelea)