Pampu ya morfini bila kutapika: wapi pesa yako inafaa zaidi

Baada ya upasuaji mkubwa wa tumbo, nyonga au kizazi, baadhi ya hospitali humfungia mgonjwa pampu ya morfini. Kitufe hukishika mwenyewe. Akibonyeza, dozi ndogo, mara nyingi miligramu 1, huingia mshipani, kisha pampu hujifunga kwa dakika 5 hadi 10 hata abonyeze vipi. Huduma hiyo ina bili yake: pampu, mirija, dawa na muuguzi wa kuifuatilia.

Shida ni kwamba morfini huleta kichefuchefu. Mgonjwa akishatapika mara mbili huku ameukumbatia mto asije akaumiza mshono, hukiogopa kitufe. Huanza kuvumilia maumivu, hapumui vizuri, hataki kuinuka kitandani, na pampu aliyoilipia inakaa bure. Ndiyo maana kinga ya kutapika inafaa ihesabiwe pamoja na pampu, na ipangwe kabla hujaingia chumba cha upasuaji.

Hatari yako ni kiasi gani?

Mwaka 1999 daktari Christian Apfel na wenzake walichapisha kipimo cha maswali manne. Je, wewe ni mwanamke? Je, huvuti sigara? Umewahi kutapika baada ya upasuaji, au hutapika safarini kwenye basi au boti? Utapewa morfini au dawa za jamii yake baada ya upasuaji? Asiye na "ndiyo" hata moja ana hatari ya takriban 10%. Kila "ndiyo" ni alama moja, na huipandisha: 20, 40, 60, hadi 80. Mtu wa pampu tayari anayo moja. Mama asiyevuta sigara anazo mbili hata kabla hatujamuuliza habari za safari.

Dawa kwa dawa

Utafiti wa wagonjwa zaidi ya 5,000 uliochapishwa mwaka 2004 ulilinganisha ondansetroni, deksamethasoni na droperidoli. Kila moja ilipunguza hatari kwa takriban robo, na nguvu ya moja haikuathiri nyingine. Kwa hiyo mwenye hatari ya 60% hushuka hadi 44 hivi kwa dawa moja, na 33 kwa dawa mbili. Kupanda kwa bei, basi, si kupanda kwa nguvu.

*Deksamethasoni*: bei nafuu, na hudungwa mara moja mwanzoni mwa upasuaji. Hupandisha sukari, hivyo mwenye kisukari aseme mapema.

*Ondansetroni*: zamani ilikuwa ghali. Hataza yake ilipokwisha Marekani mwaka 2006, za jeneriki ziliishusha bei. Hudungwa upasuaji unapoelekea kwisha. Huweza kuumiza kichwa na kufunga choo.

*Droperidoli*: huweza kuchanganywa na morfini ndani ya pampu. Ila mwaka 2001 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali kuhusu mapigo ya moyo, na matumizi yake yakapungua sana.

*Metoklopramidi*: nafuu na imezoeleka wodini, lakini kwa dozi ya kawaida ya miligramu 10 ni dhaifu. Kwa vijana hasa, huweza kukakamaza shingo na kugeuza macho. Usiikubali kama kinga yako pekee.

*Aprepitanti na kiraka cha skopolamini*: hizi ndizo za bei ya juu. Aprepitanti humezwa kabla ya upasuaji na hudumu muda mrefu. Inamfaa mwenye alama tatu au nne. Kiraka hukausha mdomo na kutia ukungu machoni, na wazee huweza kuchanganyikiwa.

Njia ya kupunguza bili na morfini pamoja

Paracetamol ya saa kwa saa, diklofenaki kwa asiye na matatizo ya figo au vidonda vya tumbo, na ganzi ya mishipa ya fahamu hupunguza idadi ya mara utakazobonyeza. Ukishaweza kumeza, vidonge vya paracetamol vinatosha. Ya dripu ni ghali zaidi. Kulazwa usingizi kwa propofoli ya mshipani badala ya gesi nako kulipunguza hatari ya kutapika kwa 19% katika utafiti ule wa 2004. Kuminya sehemu ya ndani ya mkono, vidole vitatu kutoka kwenye kifundo, kati ya kano mbili, kumeonyesha faida na hakugharimu kitu.

Ununue nini?

Mwenye alama moja au mbili apewe dawa mbili za jamii tofauti. Deksamethasoni na ondansetroni ndizo za kuanzia. Mwenye tatu au nne aombe ya tatu, na hapo ndipo aprepitanti inastahili bei yake.

Kabla hujasaini, muulize daktari wa usingizi: nitapewa zipi, na saa ngapi? Nikitapika licha ya hizo, ipo dawa ya akiba ya jamii nyingine? Maana kurudia ondansetroni ndani ya saa 6 hakusaidii. Kisha uliza dirishani kama dawa hizo zimo kwenye bei ya upasuaji, na kama bima inazilipa.

Ndugu wakija kukuona, waambie wasiguse kitufe. Mgonjwa aliyelewa morfini hulala kabla ya kujizidishia; akibonyezewa na mwingine, kinga hiyo haipo tena, na pumzi yake inaweza kukatika.